Nimepata kazi ya uuguzi Ujerumani na wanangu watabaki Mombasa: niende?

Assalamu alaikum, Bi Mshauri.

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 37. Ninaishi Kisauni pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, wa kiume aliye na miaka 9 na wa kike aliyetimiza miaka 4 mwezi wa Rajabu. Nina stashahada ya uuguzi na nimeifanya kazi hii kwa miaka 12, saba ya mwisho nikiwa katika hospitali moja ya kibinafsi kisiwani ambako mkataba wangu huandikwa upya kila mwaka, na kila ifikapo Desemba huanza kuwaza kama Januari itanikuta na kazi. Mshahara wangu ni shilingi 58,000, na baada ya kodi, NSSF, bima ya afya na makato ya nyumba hubakiwa na kama 44,000. Nimeomba kazi ya kaunti mara mbili na mara zote mbili sikuitwa hata kwenye mahojiano.

Mume wangu ni mtu wa forodha, kazi yake ni kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2019, makontena yalipolazimishwa kupanda reli hadi Nairobi, kampuni iliyomwajiri ilifunga ofisi, na ingawa mizigo ilirudishwa kutolewa Mombasa mwaka 2022, yeye hakurudi kwenye mshahara. Sasa hulipwa kwa kila mzigo anaoutoa, kwa hiyo upo mwezi tunaoishi kwa raha na upo mwezi tunaokopa unga dukani.

Mwaka jana nilianza kujifunza Kijerumani, nikisoma usiku watoto wakishalala, na nimefaulu mtihani wa ngazi ya B1, ya tatu kati ya ngazi sita za kuijua lugha. Wakala mmoja mwenye ofisi hapa mjini amenitafutia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee inayoendeshwa na taasisi ya kanisa, katika mji mdogo wa jimbo la Nordrhein-Westfalen. Mshahara ni Euro 2,700 kwa mwezi. Nikizidisha kwa shilingi 150 napata 405,000, fedha ambazo hapa huzipata kwa zaidi ya nusu mwaka. Wakala anasema sina haja ya kuimaliza ngazi ya B2 hapa, kwa kuwa nitaimalizia huko nikiwa msaidizi wa wauguzi, na cheti changu kikishatambuliwa nitapanda kuwa muuguzi kamili. Mkataba una ibara inayosema kwamba nikiacha kazi kabla ya miaka 3 nitarudisha Euro 8,000 za masomo ya lugha na usafiri. Wakala mwenyewe anataka shilingi 180,000 za usajili kabla ya mwisho wa mwezi huu, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Watoto watabaki na baba yao, na mamangu, anayeishi Majengo, ndiye atakayesaidia kuwalea kama anavyomlea mdogo sasa ninapokuwa kazini. Lakini mamangu ana miaka 68, ana sukari na presha, na kuna siku miguu humvimba hawezi kushuka ngazi. Nilipomwambia habari hii alisema, “Nenda mwanangu, riziki haina mpaka.” Jioni ile ile akamwambia dada yangu wa Kongowea kwamba anaogopa kufa mimi nikiwa mbali. Mume wangu alisema, “Amua wewe, mimi sitakuzuia,” na tangu siku hiyo hajayataja tena mazungumzo hayo. Mwanangu wa kiume ameniuliza kama Idi nitakuwapo.

Kila ninayemtaka shauri hunipa hadithi ya mtu mmoja. Yupo shoga yangu aliyekwenda Ujerumani miaka 2 iliyopita na sasa anajenga Mtwapa. Yupo jirani aliyekwenda Ghuba akarudi mikono mitupu, akakuta na ndoa imevunjika. Nimechukua karatasi nikachora mstari katikati, upande huu faida na upande huu hasara, na kila usiku nikihesabu pande mbili zinalingana. Niende, au nibaki na nilicho nacho?

Muuguzi wa Kisauni

JIBU

Waalaikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama kwenye ile karatasi yenye mstari katikati. Nadhani pande zake zinalingana kwa sababu umezipima kwa nyakati tofauti. Upande wa faida bila shaka umeandika mambo ya mwaka wa saba au wa kumi, yaani nyumba, pensheni na shule nzuri. Upande wa hasara umeandika mambo ya mwaka wa kwanza, mtoto anayelia kwenye simu na mama asiye na wa kumpeleka kliniki. Tena umechanganya maswali mawili ambayo hayafai kujibiwa pamoja. Moja ni kama uhamie Ujerumani. La pili ni kama uutie sahihi mkataba huu, wa wakala huyu, kabla ya mwezi huu kwisha. Rai yangu ni kwamba la kwanza linastahili kufikiriwa kwa dhati na huenda jibu lake likawa ndiyo, na kwamba la pili jibu lake ni hapana.

Nianze na fedha, maana ndizo zilizokufanya uichukue kalamu. Zile Euro 2,700 ni mshahara kabla ya makato. Ujerumani mfanyakazi hukatwa kodi ya mapato, mchango wa pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya uzeeni, na mtu anayehesabiwa kama anaishi peke yake, hata akiwa na mume Kisauni, hukatwa kwa kiwango cha mtu pekee. Kwa mshahara huo utapokea mkononi kati ya Euro 1,800 na 1,900. Toa kodi ya nyumba pamoja na joto, ambayo katika mji mdogo inaweza kuwa Euro 600. Toa chakula, simu na nguo za baridi. Toa tiketi ya mwezi ya treni na mabasi, iliyokuwa Euro 58 mwaka 2025. Toa hata Euro 18.36 za utangazaji wa umma ambazo kila nyumba hulipa, iwe na televisheni au isiwe nayo. Ukiishi kwa kujibana utabakiwa na kama Euro 750, karibu shilingi 110,000.

Hizo bado ni fedha nyingi kuliko 44,000, na sitakudanganya kwamba sivyo, hasa kwa kuwa ndani ya 44,000 wewe mwenyewe unakula na kupanda matatu. Lakini si 405,000. Na ndani ya 110,000 hizo atalipwa yaya wa kushinda na watoto, zitatoka ada na dawa za mama, na itawekwa akiba ya tiketi ya dharura, ambayo bei yake peke yake inaweza kuimeza akiba ya mwezi mzima. Ukiipanga safari kwa hesabu ya 405,000 utajikuta mwezi wa nne huna kitu, na nyumbani wanadhani unawaficha.

Sasa tuje kwenye B2, kwa sababu hapa ndipo naona wakala anakupeleka njia isiyo na manufaa kwako. Muuguzi aliyesomea nje ya Umoja wa Ulaya hawezi kufanya kazi kama muuguzi kamili Ujerumani mpaka taaluma yake itambuliwe na mamlaka ya jimbo, na utambuzi huo hudai Kijerumani cha ngazi ya B2. Mamlaka hulinganisha masomo yako na ya kwao, huandika yaliyopungua, kisha wewe huchagua kati ya mafunzo ya kujazia pengo na mtihani wa kupima ujuzi. Muda wote huo unahesabiwa kuwa msaidizi. Katika nyumba za kutunzia wazee, kiwango cha chini cha malipo kilichoanza Julai 2025 kilikuwa Euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na cheti cha huko na Euro 20.50 kwa muuguzi kamili. Tofauti ya Euro 4.40 kwa saa inaonekana ndogo, ila kwa mwezi wa kazi kamili inapita Euro 700 kabla ya makato. Na si mshahara tu. Kibali cha kudumu cha kuishi huko hutolewa baada ya miaka 3 kwa mtu mwenye taaluma iliyotambuliwa, kwa hiyo miezi utakayoitumia ukiwa msaidizi inausogeza mbele ule mwaka utakaokuwa na msingi imara wa kuwaleta watoto.

Kijerumani, mwanangu, utakilipia popote utakapokuwa. Ukikisomea hapa, utakilipia kwa usingizi wa usiku na ada ya masomo, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Ukikisomea huko, utakilipia baada ya zamu ya kuwainua wazee vitandani, katika mwezi wa Desemba ambapo jua huzama mnamo saa kumi na nusu alasiri, wanao wakiwa mbali nawe. Mtu aliyekwisha fika B1 akiwa na kazi na watoto wadogo amekwisha onyesha kwamba anaweza. Kutoka hapo hadi B2, kwa bidii ya kila siku, ni suala la nusu mwaka au zaidi kidogo. Maombi ya kutambuliwa taaluma nayo yanaweza kupelekwa ukiwa ungali Mombasa. Ukiondoka na B2 mkononi pamoja na uamuzi wa mamlaka unaotaja hasa kinachopungua, kipindi cha kutengana na wanao kinapungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Sioni faida yoyote katika karatasi yako iliyo kubwa kuliko hii, nawe hukuiandika.

Mbona basi wakala ana haraka? Wakala hulipwa mtu anaposafiri, na hilo si siri. Mkataba wa ajira na uhamaji ambao Kenya na Ujerumani zilitia sahihi Berlin tarehe 13 Septemba 2024 umewapa mawakala maneno mengi ya kusema, na wakati ule zilienea habari za nafasi 250,000 zilizotengewa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha waziwazi. Mkataba ule hautaji idadi yoyote. Uhaba wa wauguzi huko ni wa kweli na ni wa miaka mingi, kwa sababu watu wao wanazeeka kuliko wanavyozaliwa, na kwa sababu hiyo hiyo nafasi haitakwisha mwisho wa mwezi huu. Muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 12 na B2 ndiye anayetafutwa.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja kati ya zile 180,000, hakikisha kwamba jina la wakala limo katika orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kisha uliza kama ana alama ya ubora ya serikali ya Ujerumani iitwayo Faire Anwerbung Pflege Deutschland. Alama hiyo hupewa wanaowaajiri wauguzi wa kigeni kwa haki, na msingi wake ni kwamba gharama za kumtafuta na kumleta muuguzi hulipwa na mwajiri, hazilipwi na muuguzi. Wakala anayekudai ada ya usajili, naye mwajiri amekuwekea deni la Euro 8,000 kwa lugha na usafiri huo huo, anataka ulipe mara mbili. Ibara ya marejesho ya namna hiyo yaweza kupingwa katika mahakama za kazi za Ujerumani ikiwa inamwonea mfanyakazi, na ipo huduma ya ushauri wa bure iitwayo Faire Integration inayowasaidia wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya katika mambo ya kazi. Lakini mgeni wa miezi mitano hana nguvu za kwenda mahakamani. Deni lipunguzwe sasa: liandikwe kwamba linashuka kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba halikuhusu ukiondoka kwa ugonjwa au kwa kosa la mwajiri.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja, nami siwezi kulipita. Umesema nyumba hiyo ya wazee inaendeshwa na taasisi ya kanisa. Salamu yako imenionyesha dini yako, na nadhani unavaa hijabu kazini. Mwaka 2014 mahakama kuu ya kazi ya Ujerumani iliamua, katika kesi ya muuguzi mmoja, kwamba hospitali ya kanisa inaweza kumtaka mwajiriwa asivae hijabu awapo kazini. Waajiri wengi wa kanisa leo hawaweki sharti hilo, na wanawake wengi wa Kiislamu wanafanya kazi humo bila tatizo, ila ruhusa ni ya mwajiri. Muulize kwa maandishi, akujibu kwa maandishi, kabla ya sahihi. Usikubali kuambiwa na wakala kwamba “mambo hayo hutengenezwa huko huko.”

Nije kwa watoto, na hapa nitakaa kidogo.

Mwanao wa kiume ana miaka 9. Katika jimbo unalokwenda, kama yalivyo majimbo mengi ya Ujerumani, watoto hugawanywa baada ya darasa la 4, wengine wakaelekezwa shule zinazofikisha chuo kikuu na wengine shule za mkondo wa ufundi. Mtoto anayefika akiwa na miaka 10 bila Kijerumani huanza na madarasa ya lugha wakati wenzake wamekwisha gawanywa, na akifika na miaka 13 mlima huo ni mrefu zaidi. Njia ya kubadili mkondo ipo na wapo wanaoipita, lakini ni kazi ngumu. Sheria inamruhusu mtoto aliye chini ya miaka 16 kumfuata mzazi bila kudaiwa lugha. Akipita umri huo bila kusafiri na mzazi, anaweza kudaiwa lugha. Binti yako wa miaka 4, kwa upande wake, atajifunza lugha shuleni kama anavyojifunza kuruka kamba. Kwa hiyo saa inayokwenda mbio ni ya kaka yake. Mtoto huyu aanze Kijerumani leo, mezani kwako, wakati unaposoma wewe. Mtasoma pamoja usiku, na iwapo hamtakwenda, hajapoteza kitu. Fukwe za Bamburi na Diani zimewalisha wengi waliojua lugha hiyo.

Kuwaleta kunahitaji mambo mawili makubwa, nyumba yenye nafasi ya kuwatosha na kipato cha kuwatunza bila kutegemea msaada wa serikali, na maombi hupelekwa ubalozini Nairobi, ambako watu husubiri kwa miezi. Kwa mshahara wa msaidizi ni vigumu kuwatosheleza watu wanne. Kwa mshahara wa muuguzi kamili inawezekana, hasa mumeo akipata kazi. Posho ya watoto ya serikali, ambayo mwaka 2025 ilikuwa Euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi, hulipwa kwa mtoto anayeishi huko. Mtoto aliyebaki Kisauni hahesabiwi, kwa hiyo usikubali iingizwe katika hesabu za mwaka wa kwanza.

Babangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alikuwa akiondoka Kilindini kwa miezi 9, na mamangu alitundika kalenda ukutani nyuma ya mlango wa jikoni, tukawa tunafuta siku. Safari aliyotuambia mwezi wa kurudi tuliivumilia, hata ilipokuwa ndefu. Iko safari moja ambayo kampuni haikumpa tarehe, na ilikuwa miezi 6 tu, ila ndiyo safari ambayo ndugu yangu mdogo alianza kukojoa kitandani tena. Siandiki haya ili nikutishe. Ninataka mwanao asiambiwe “mama atakuja hivi karibuni.” Ujerumani mfanyakazi ana haki ya likizo ya malipo isiyopungua siku 20 za kazi kwa mwaka kwa wiki ya siku 5, na likizo hupangwa mapema, mwombe mwajiri akuandikie likizo ya kwanza kabla hujaondoka, ukate tiketi ya kurudi, umwonyeshe mtoto tarehe. Kuhusu simu una nafuu kuliko walio Marekani, maana tofauti ya saa kati ya Mombasa na Ujerumani ni moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi, kwa hiyo unaweza kuwasikiliza wakisoma kabla ya kulala.

Mumeo amesema “amua wewe.” Wewe umeyasikia kama ruhusa, mimi nayasikia kama hofu ya mwanamume aliyepoteza kazi mara moja na asiyetaka kuonekana anamzuia mkewe kupata. Katika nyumba zetu za Pwani, baba kusafiri na mama kubaki ni jambo lililozoeleka, kila jirani anajua la kufanya. Mama akisafiri na baba akibaki, majirani wanajua la kusema tu. Atakayesimama kwenye mlango wa shule, atakayesuka nywele za binti, atakayelala macho mtoto akiwa na homa ni yeye, na mizigo ya bandarini haina saa. Kaa naye siku ya Ijumaa baada ya swala, watoto wakiwa kwa bibi yao, umuulize swali moja lisilojibika kwa “amua wewe”: akiitwa bandarini saa tano usiku, nani analala na watoto? Jina litakalotoka hapo, aitwe naye akae kwenye mazungumzo. Na muulize kama yeye mwenyewe angependa kuishi huko. Hukusema popote katika barua yako kwamba umewahi kumuuliza.

Mama asihesabiwe kama mlezi. Mtu mwenye miaka 68, sukari, presha na miguu inayovimba anahitaji kulelewa, na kumwachia mtoto wa miaka 4 mchana kutwa, bila wewe kurudi jioni kumpokea, ni kumzidishia maradhi. Yaya apatikane miezi 3 kabla ya safari ili watoto wamzoee wewe ukiwapo, na dada yako wa Kongowea akubali mwenyewe, kwa kinywa chake, siku za kliniki ya mama. Yaliyobaki ni mazito, nawe unayajua kuliko mimi. Sisi huzika siku ile ile. Mauti yakimfika mama ukiwa Ujerumani hutawahi, hata ukiwa na fedha za tiketi mfukoni. Mwendee Majengo, ukae naye, umwambie kwamba umeyasikia aliyomwambia dada yako. Anaweza kukuombea radhi ya safari na kukupa yake akijua hilo. Wazee wetu wengi wamefanya hivyo kwa wana waliokwenda mbali. Asiachwe tu kuyasema kwa mtu mwingine.

Na kubaki nako kuna gharama, nisije nikakuandikia kana kwamba Kisauni ni bure. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja utakufikisha miaka 50 bila akiba ya maana. Ujerumani miaka 5 ya michango ndiyo kiwango cha chini cha kupata haki ya pensheni, na umri wa kustaafu unaelekea miaka 67, kwa hiyo kwa miaka yako 37 unayo nafasi ya kujenga uzee wako. Uraia wako hautapotea, kwani Katiba ya mwaka 2010 inamwachia Mkenya wa kuzaliwa uraia wake hata akichukua wa nchi nyingine, na Ujerumani nayo imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu Juni 2024. Ukisubiri mpaka binti amalize sekondari utakuwa na zaidi ya miaka 50, mgongo umechoka, na kaka yake amepita umri wa kukufuata kwa wepesi. Kusubiri huko kunaufunga mlango. Kusubiri miezi 9 hakuufungi.

Kwa hiyo mwambie wakala kwamba hutatia sahihi mwezi huu. Jiandikishe kwa B2. Leseni yako ya Baraza la Wauguzi ihuishwe, usiiache ikafa hata ukisafiri, maana ndiyo itakayokupokea ukirudi. Peleka maombi ya kutambuliwa taaluma kutoka hapa, na wakati majibu yanasubiriwa tafuta mwajiri mwingine mmoja au wawili, ikiwezekana hospitali badala ya nyumba ya wazee, ili uwe na mikataba ya kulinganisha. Kama huyu wa sasa anakutaka kweli, atakungoja, na kama akikubali kukungoja, mpelekee maswali ya hijabu na ya zile Euro 8,000. Majibu yake yakifika, niletee karatasi zenyewe. Nitazisoma pamoja nawe na mumeo, ibara kwa ibara.